Miguu ya mtumba ya Datsun 240Z: ya Japani, ya pwani au ya Manyoni?

Nilikuwa na seti tatu za miguu za kuchagua, yaani shokapu, springi na mikono yake, na pesa ya kununua moja. Ya kwanza ilivuliwa kwenye gari huko Japani, ikashushwa Dar es Salaam pamoja na spea nyingine. Ya pili ilitoka kwenye gari lililoishi Tanga maisha yake yote. Ya tatu ilikuwa bado imefungwa chini ya gari lenyewe, Datsun 240Z lisilo na injini wala vioo, lililolala uani Manyoni, kilomita 120 na ushee kutoka Dodoma. Langu pia ni 240Z, la mwaka 1972. Mguu wake wa mbele kushoto ulikuwa unagonga kila nikipita tuta, na nyuma, likikata kona, lilikuwa linayumba kwanza ndipo litulie.

Kila niliyemuuliza ushauri alinijibu neno moja: "Chukua ya Japani." Kwa Toyota ya juzi huenda hilo ni jibu zuri. Kwa gari la miaka hamsini halitoshi, na ningelifuata bila kukagua ningetupa pesa. Ndiyo maana naweka hapa tulichokiona mimi na fundi wangu tulipozigeuza seti zote tatu, kipande kwa kipande. Mwenye Celica ya zamani au Bluebird atapata humu ya kumfaa pia, ila vipimo vya gari lake avitafute mwenyewe.

Kwanza gari lenyewe. 240Z ilianza kuuzwa mwishoni mwa 1969 na ikatengenezwa hadi 1973. Ina injini ya silinda sita kwenye mstari mmoja, sentimita za ujazo 2,393, na uzito wake unazidi tani moja kidogo tu. Magurudumu yote manne yanajitegemea. Kila gurudumu lina shokapu iliyosimama ndani ya bomba la chuma, springi imezunguka sehemu ya juu, na chini kuna mkono unaounganisha mguu na bodi. Mbele mkono huo ni mwembamba, unasaidiwa na fimbo inayouzuia usicheze mbele na nyuma. Nyuma mkono ni mpana, na unashikana na kitako cha bomba la shokapu kwa pini moja ndefu inayopita katikati. Pini hiyo ikumbuke, maana imewatoa mafundi wengi jasho.

Watu wa rika la baba zangu wanalijua gari hili kwa mbio za East African Safari. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo, na 1973 akashinda nalo Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa na Lofty Drews. Ushindi ule umeacha imani kwamba miguu ya 240Z haifi. Nami nalipenda gari hili kwa sababu hiyo hiyo, lakini gari la mashindano lilikuwa na mafundi waliolisubiri njiani na spea mkononi. Vyuma unavyouziwa leo havikupata bahati hiyo.

Kila nchi na namna yake ya kuua chuma

Ukiambiwa spea ni ya Japani, uliza Japani ipi. Kaskazini, kama Hokkaido, theluji huanguka kwa miezi na barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Chumvi hiyo huingia kwenye kila mkunjo wa chuma na kukaa humo. Sehemu za kusini zenye joto hazina shida hiyo kwa kiwango hicho. Muuzaji wa Dar mara nyingi hajui gari lilitoka mkoa gani, kwa hiyo chuma chenyewe ndicho kitakachokujibu. Chungulia ndani ya kikombe cha chini kinachokalia springi na nyuma ya mishono ya weldingi. Kama kuna magamba ya kutu ya kahawia iliyoiva, gari hilo limeona theluji. Sifa kubwa ya vyuma vya Japani ni kwamba vimetembea kwenye lami nzuri, kwa hiyo mikono yake mara nyingi imenyooka.

Pwani ni habari nyingine. Upepo wa bahari hauchagui mkunjo. Kutu ya Tanga au Dar huenea mwili mzima, taratibu, na ikikwanguliwa na kupakwa rangi huwezi kuiona kwa macho.

Huku kwetu katikati ya nchi, mvua nyingi hunyesha kati ya Desemba na Aprili, miezi mingine yote ni jua, vumbi na upepo. Chuma hudumu. Mpira ndio hufa, unakauka na kupasuka kama tope la mbugani wakati wa kiangazi. Adui mwingine ni barabara. Kabla ya lami, njia ya kwenda Iringa kupitia Mtera au ile ya Babati kupitia Kondoa zilikuwa zinalipiga gari kwa mawe na makorongo mpaka likifika unajua limefika. Vyuma vya bara huwa vimepinda.

Basi, ya pwani ina kutu, ya bara imepinda, ya Japani inaweza kuwa na kimojawapo au isiwe na chochote. Nikilazimishwa kuchagua ugonjwa, mimi nachagua kupinda. Kupinda hupimwa kwa rula na kamba, ukajua ni milimita ngapi na uamue. Kutu iliyojificha ndani ya bomba huioni mpaka siku chuma kinapoachia, na siku hiyo unaweza kuwa na mtoto kiti cha pembeni unaelekea Kibaigwa.

Vifaa vya kwenda navyo havijazi hata mkoba: rula ya chuma ya sentimita 60, venia ya kupimia unene, brashi ya waya, tochi, sumaku ndogo, chupa ya mafuta ya taa, kipande cha chaki na matambara. Siku hizi treni ya SGR inakupeleka Dar asubuhi na kukurudisha jioni, kwa hiyo sioni tena sababu ya mtu wa Dodoma kununua vyuma vya kubeba uhai wake kwa picha za simu.

Shokapu na bomba lake

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu watu huchanganya vitu viwili. Kwenye 240Z shokapu ni utumbo, na bomba ni mfupa. Utumbo unatolewa kwa kufungua nati kubwa ya juu, ukaweka katriji mpya, yaani shokapu nzima iliyokwisha fungwa. Mfupa huo umeshikana na kitako cha gurudumu, na ukipinda au kuoza umekwisha. Unaponunua mtumba unanunua mfupa. Utumbo uhesabu kama zawadi.

Bado, ipime zawadi hiyo. Shokapu iliyolazwa muda mrefu huingiwa na hewa mahali pa mafuta, na ukiijaribu papo hapo utadhani imekufa. Isimamishe wima, ivute hadi mwisho na uikandamize hadi mwisho mara nne au tano, ndipo uanze kusikiliza mkono wako. Uzito uwe ule ule mwanzo hadi mwisho, bila mahali inapoteleza ghafla. Ya kushoto na ya kulia zifanane. Kisha pitisha ukucha kwenye fimbo ya krome: kama ukucha unakwama kwenye kishimo, kishimo hicho kitakata sili ya mafuta hata ukiweka mpya. Na ukikuta shokapu imeoshwa ikang'aa, uliza kwa nini. Mimi nafurahi kuiona na vumbi lake, maana vumbi kavu linaniambia hakuna mafuta yanayovuja, na tope jeusi lililoganda chini ya nati linaniambia yamevuja miaka.

Bomba sasa. Weka rula ya chuma kwa urefu wake, mulika tochi kwa nyuma. Mwanga ukipita katikati na kuzibwa pembeni, bomba limepinda. Zungusha robo, rudia, mpaka umalize pande nne. Halafu pitisha sumaku pole pole kuanzia kikombe cha springi kushuka chini. Mahali inapolegea pana kitu kisicho chuma, yaani kuna mtu aliziba shimo kwa puti na kupaka rangi.

Seti ya Tanga ndiyo ilikuwa nzuri kuliko zote kwa kuitazama. Nyeusi tii, imepangwa juu ya gunia safi. Fundi wangu, mtu mzima ambaye namwita Mzee kwa heshima na kwa ukweli, aliomba brashi ya waya. Muuzaji akasema, "Bosi, utaniharibia rangi." Mzee akamjibu kwa upole, "Mwanangu, rangi nitakulipa. Huyu nampa maisha yake." Alisugua kikombe cha bomba la nyuma kulia kwa muda usiofika dakika moja. Rangi ilitoka kama ganda la yai, na chini yake chuma kilikuwa na vishimo vya kuingiza ncha ya kalamu. La kushoto lilikuwa hivyo hivyo. Mbele palikuwa na nafuu, lakini sumaku ililegea sehemu mbili.

Seti ya Japani ilikuwa imenyooka vizuri na haikuwa na kutu ya kutisha. Tatizo lake sikulitegemea. Kwenye mabomba ya nyuma, vidole viwili juu ya kitako, kulikuwa na mshono wa weldingi uliozunguka bomba lote. Mtu alikata mabomba, akatoa kipande na kuyaunganisha ili gari likae chini. Kwa lami ya huko na kwa anayependa gari lilambe barabara, huo ni ufundi unaoeleweka, na aliyechomelea alikuwa fundi mzuri. Lakini bomba fupi linataka katriji fupi, si ile ya kawaida, na gari lililoshuka halina maisha kwenye matuta yetu. Pia sikuwa na njia ya kujua weldingi ile ilishika kiasi gani kwa ndani. Ukikuta mshono unaozunguka bomba la shokapu, iwe umetoka Japani au mbinguni, rudisha mezani.

Manyoni mabomba manne yalinyooka. La mbele kulia nati yake ya juu ilikuwa imeliwa na patasi, dalili kwamba mtu alijaribu kuifungua bila spana yake. Ilifunguka baada ya kulowekwa mafuta na kupashwa moto kidogo. Utumbo wote ulikuwa umekufa. Sikuhuzunika, kwa sababu nilishaamua katriji ziwe mpya.

Ukifika hapo, pima kipenyo cha ndani cha bomba na kina chake kabla ya kuagiza katriji. Mabomba ya magari ya miaka ya mwisho ya familia hii si lazima yalingane na ya 240Z. Katriji ikiwa fupi kuliko kina cha bomba, huwekewa kipande cha kujazia chini, la sivyo itacheza na kugonga, ukadhani umenunua mbovu. Na kabla ya kuishusha mimina mafuta kidogo ndani ya bomba, yabebe joto la shokapu na kulitoa nje. Wengi huliruka hilo.

Springi

Watu hununua springi kwa rangi na kwa maneno ya muuzaji. Springi haina siri, inapimika yote.

Zisimamishe mbili za ekseli moja kwenye sakafu iliyo sawa. Urefu ulingane. Weka skweya ya seremala pembeni: springi iliyosimama imeinama imechoka upande mmoja. Pima unene wa waya kwa venia, na usidharau milimita moja. Ugumu wa springi hupanda kwa kipeo cha nne cha unene wa waya. Waya wa milimita 12 ukilinganisha na wa 11, kwa umbo lile lile na mizunguko ile ile, ni mgumu zaidi kwa takribani asilimia 40. Ndiyo maana springi mbili zinazofanana kwa mbali zinaweza kulifanya gari liinamie upande mmoja.

Hesabu mizunguko pia. Springi iliyokatwa kwa gesi ina alama ya bluu au ya zambarau mwishoni, na ncha yake haikai vizuri kwenye kikombe. Moto huo umeua nguvu ya chuma pale ulipopita. Mzunguko wa chini, ambapo maji na mchanga hukaa, ndio wa kusugua kwa brashi, kwa sababu ufa wa springi huanzia kwenye kishimo cha kutu.

Ukitaka uhakika zaidi, kuna njia ya Mzee ambayo sasa naifanya kila mara. Simamisha springi, ndani yake ingiza bomba fupi nene la kuizuia isilale, juu weka ubao, kisha mfuko wa saruji wa kilo 50, mtu mmoja akiushikilia usianguke. Pima imeshuka milimita ngapi. Fanya hivyo kwa nyingine. Zikitofautiana kwa milimita mbili tatu si neno. Zikitofautiana kwa kumi, hizo si pacha.

Springi za Japani zilikuwa fupi na ngumu, kama nilivyotarajia baada ya kuona mabomba. Za Tanga zilikuwa za asili lakini mzunguko wa chini ulishaliwa. Za Manyoni zililingana kushoto na kulia, mbele na nyuma, na hazikuwa na kutu zaidi ya vumbi jekundu. Usinunue za 2+2, ndugu yake mrefu wa familia hii, ukidhani ni zile zile. Gari hilo la viti vinne lina umbali wa sentimita 30 zaidi kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, ni zito zaidi, na springi zake zilitengenezwa kwa uzito huo.

Kuhusu zile seti zenye nyuzi za kupandisha na kushusha gari: zikiwa mpya na bora, sawa. Za mtumba sizitaki Dodoma. Nyuzi zikishajaa vumbi na kutu haziteremki wala hazipandi, na unabaki na springi ngumu kwenye kimo alichokipenda mtu mwingine.

Kabla sijatoka hapa: springi hufunguliwa kwa vibano vyake viwili, pande zinazotazamana. Nimeona ikifungwa kwa waya na kamba ya katani. Springi iliyobanwa ikiachia inavunja taya.

Mikono, fimbo na ile pini

Mikono ya mbele ilinganishe kwa kuilaza mgongo kwa mgongo, matundu yakiangaliana. Pitisha bolti kwenye tundu la ndani la yote miwili, halafu tazama la nje. Lisipolingana, mmoja umepinda, na ili ujue upi, pima kutoka tundu hadi tundu. Angalia pia kama tundu limekuwa la yai, maana bolti iliyolegea miaka mingi hulitanua.

Ufa mdogo utautafuta kwa njia ya zamani ambayo mafundi wa reli na wa matrekta wameitumia. Safisha chuma, paka mafuta ya taa, yaache yanywe robo saa, futa kabisa kwa tambara kavu, kisha paka unga wa chaki. Subiri. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yake yatapanda kwenye chaki na kuchora mstari. Fanya hivyo kwenye mishono na kuzunguka matundu.

Manyoni, mkono wa mbele kushoto ulikuwa mfupi kwa milimita sita kuliko wa kulia. Ulipinda. Hapo ndipo Mzee alinikumbusha jambo ambalo nilipaswa kulianza nyumbani: seti ya nne ni ile iliyo chini ya gari lako. Tulikuwa hatujapima mikono yangu mwenyewe. Tuliporudi tukaipima, yote miwili ilikuwa imenyooka. Kilichopinda kwangu kilikuwa bomba la kushoto, na kilichogonga kilikuwa bolijointi, kile kiungo cha mwisho wa mkono, na bushi za fimbo. Kama unasoma haya kabla ya kununua chochote, fungua kwanza gari lako na uandike kipi kimekufa na kipi kizima. Huenda unahitaji bomba moja na mipira tu.

Fimbo ya mbele itazame karibu na nyuzi zake. Ikiwa shingo imeliwa ikawa nyembamba, iache. Na ukiweka bushi mpya, weka za mpira. Bushi ngumu za poliurethani zikiwekwa pande zote mbili huinyima fimbo nafasi ya kupinda kidogo mguu unapopanda na kushuka, na wenye magari haya wameshakatikiwa na fimbo kwa sababu hiyo.

Sasa pini ya nyuma. Inapita ndani ya mkono na kitako cha bomba, imeshikwa na kijipini cha kufungia katikati, na miaka ikipita inaungana na bushi kama vile imechomelewa. Watu huipiga nyundo kwenye nyuzi, nyuzi zinachanua kama uyoga, na baada ya hapo haitoki wala hairudi. Kwa hiyo usinunue miguu ya nyuma yenye pini ndani kabla ya kuona inazunguka, au upunguziwe bei kama vile pini haipo. Za Japani zilikuwa zimechanua zote mbili. Za Tanga hatukuweza hata kukitoa kile kijipini. Za Manyoni tulizilowesha mafuta ya kupenyeza jioni, tukarudia asubuhi na jioni iliyofuata, na siku ya tatu zikatoka kwa kusukumwa na bolti ndefu na bomba, bila kugongwa nyundo. Kwa kweli pini hizo mbili ndizo zilizoamua kila kitu.

Habu na beringi zikija pamoja na mguu, zungusha ukiwa umeishika springi kwa mkono mwingine. Mtetemo wa mchanga utausikia kwenye springi kabla ya masikio. Beringi ni za kubadilisha tu, kwa hiyo zisikuzuie kununua.

Mpira: hapa hakuna ulinganisho

Bushi, bolijointi, mauntingi za juu, vikinga vumbi, vyote viwe vipya. Sijali vimetoka wapi. Bushi ya Japani inayoonekana nzima ina umri wa gari, na mpira huzeeka hata ukiwa ndani ya boksi. Bonyeza kwa ukucha: usiporudi, umekufa. Za Manyoni zilivunjika mkononi kama biskuti. Angalau hazikunidanganya.

Kati ya mpira na poliurethani, kwa Dodoma nachagua mpira karibu kila mahali. Poliurethani inadumu na inakaza gari kwenye kona, sikatai, lakini vumbi letu laini likiingia kati yake na chuma hulia na kusaga, na itakudai grisi ya silikoni kila mara.

Na tafadhali, mwambie fundi asikaze bolti za bushi gari likiwa juu ya jeki, miguu inaning'inia. Bushi ya mpira hushika pale ilipokazwa. Ikikazwa mguu ukiwa unaning'inia, gari likisimama inakaa imesokotwa muda wote na kupasuka mapema. Kaza nusu, shusha gari chini, litikise, ndipo ukaze mwisho.

Nani achukue ipi

Mimi nilichukua ya Manyoni. Haikuwa rahisi kama ninavyoiandika. Tulipobisha hodi alitoka mama mmoja mtu mzima, tukamwamkia, akatukaribisha viti chini ya mwembe. Gari lilikuwa la marehemu mumewe. Nilipomweleza nataka miguu tu, alitazama gari muda mrefu, akasema, "Mwanangu, ukilikata miguu nitaliangaliaje? Lichukue lote." Nikaelewa. Nililipa zaidi ya nilivyopanga, na gharama ya kulipakia kwenye lori ikaja juu yake. Kwa hiyo kwa pesa taslimu ya Manyoni haikuwa rahisi kuliko ya Tanga. Ila nimepata pia difu, habu nne, raki ya usukani na milango miwili isiyooza.

Ya Japani ningemshauri mtu mwenye gari la kutembelea lami tu, anayetaka likae chini, na aliyekwisha kuona mwenyewe kwamba mabomba hayajakatwa. Usinyooshe mkono kwa neno "Japani" peke yake. Ikiwa mabomba ni mazima na pini zinazunguka, hiyo itakuwa seti bora kuliko ya Manyoni, maana mikono imenyooka na kutu haipo. Yangu haikuwa hivyo.

Ya pwani chukua kwa kipande: habu, mikono ya mbele ikipita mtihani wa chaki, vikombe vya juu. Mabomba yake usiyaguse ikiwa yamepakwa rangi mpya na muuzaji anakataa brashi.

Gari langu limefungwa miguu ya Manyoni, mikono yangu ya mbele, katriji mpya na mpira mpya. Alaimenti tuliifanya mara mbili, siku ya kwanza na baada ya kilomita 500, bushi zikiwa zimekaa. Mara ya pili bolti tatu zilikubali robo mzunguko zaidi. Lile gari la Manyoni liko nyuma ya nyumba yangu Nkuhungu, hapa Dodoma, limesimama juu ya magogo, na mwanangu ameanza kuuliza kama tunaweza kulirudishia miguu.